Bakteria wa maabara wanaweza kunasa chembe za nano, lakini tope la Mbeya na Iringa litapelekwa wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MAJI ya kufulia yanapomwagwa mtaroni Mwanjelwa jijini Mbeya, au katika chemba ya nyumba iliyopo Gangilonga mjini Iringa, machoni pa watu ni maji ya sabuni yenye vumbi na jasho, basi. Hata darubini ya maabara ya sekondari haitaonyesha mengi zaidi. Lakini ndani ya maji hayo yanaweza kuwamo mabaki ya vitu ambavyo viwanda duniani vimekuwa vikivitia katika bidhaa za kila siku: madini ya fedha katika soksi na nguo za michezo, oksidi ya zinki katika mafuta ya kujikinga na jua, na titani dioksaidi katika rangi za ukutani na dawa za meno.

Vitu hivyo vinapotengenezwa katika umbo dogo kupita kiasi huitwa chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000, ilhali chembe inayohesabiwa kuwa ya nano huwa na kipimo cha kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria ambaye sisi humwona kuwa kitu kidogo kuliko vyote ana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000, kwa hiyo mbele ya chembe hizo yeye ni jitu.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wamekuwa wakijaribu kumtumia jitu huyo kama mtego. Wanabadilisha vinasaba vya bakteria ili wanase chembe za nano zilizomo katika majitaka kabla maji hayo hayajaingia mtoni. Makala haya yanaeleza namna mtego huo unavyofanya kazi, na sababu zinazofanya miji ya Nyanda za Juu Kusini isiwe na haja ya kuukimbilia.

Kwanza, kwa nini udogo uwe tatizo? Fedha ni fedha, iwe katika pete ya harusi au katika soksi. Jibu lipo katika eneo la uso. Chukua mchemraba wa fedha wenye upande wa sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6, pungufu ya ukubwa wa kiberiti. Sasa ukate mchemraba huohuo katika vijichemraba vyenye upande wa nanomita 10 kila kimoja. Fedha haijaongezeka hata chembe, uzito ni uleule wa gramu kumi na kidogo, lakini jumla ya nyuso za vijichemraba hivyo inakuwa mita za mraba 600. Hicho ni kiwanja cha nyumba cha mita 20 kwa 30, kimetoka katika kitu kinachoenea juu ya ukucha.

Katika uso huo mpana ndipo mambo yote hutokea. Fedha inapokutana na maji na hewa hutoa ayoni, na ayoni za fedha huua bakteria. Watengenezaji wa soksi wanalijua hilo vizuri, kwa kuwa harufu mbaya ya miguu hutokana na bakteria wanaokula jasho. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua mnadani jozi tatu za soksi zenye maandishi ya Kiingereza yaliyodai kuwa zinaua vijidudu. Bei haikuwa tofauti na ya soksi nyingine, jambo lililomtia shaka kama kulikuwa na fedha yoyote ndani yake.

Shaka hiyo si ya mnunuzi wa mnadani peke yake. Mwaka 2008, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nchini Marekani, Troy Benn na Paul Westerhoff, walichukua soksi za aina sita na kuziosha katika maji safi ya maabara. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara chache, nyingine hazikutoa takriban chochote. Hivyo mvaaji anaweza kulipia kinga ambayo baada ya wiki kadhaa imeshakwenda na maji, na anayeipokea ni yule anayeishi upande wa chini wa mtaro.

Anayeipokea kabla ya wote ni bakteria. Mtambo wowote wa kusafisha majitaka, uwe wa mamilioni ya dola au wa mabwawa ya udongo, hutegemea bakteria wanaokula uchafu. Wamo wanaovunja kinyesi na mabaki ya chakula, na wamo wengine, wachache na wapole zaidi, wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Hao wa amonia ndio wanaodhurika upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha mwaka huohuo wa 2008 kwamba chembe za nano za fedha, kwa kipimo cha miligramu 1 katika lita moja, zilipunguza kazi ya bakteria hao kwa zaidi ya asilimia 80, zikiishinda fedha iliyoyeyuka kama ayoni. Yafaa kusema mapema kwamba kipimo hicho ni kikubwa mno kulinganisha na kinachotarajiwa katika majitaka ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe.

Mfano ulio rahisi kueleweka ulitoka kwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2017, timu ya shule ya Taipei American School, iliyoko Taiwan, iliwasilisha kazi yake katika mashindano ya kimataifa ya uhandisi wa viumbe hai yajulikanayo kama iGEM, ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani. Kazi hiyo ilihusu bakteria aina ya E. coli, wa jamaa zisizo na madhara ambazo hutumika maabara. Vijana hao walitumia njia mbili, na kwa msomaji wa huku njia hizo zinafananishwa vizuri na ndoano na ulimbo.

Njia ya ndoano inaanzia kwenye ganda la chembe. Chembe za nano zikiachwa hivihivi hugandamana na kuwa madonge, kwa hiyo viwanda huzipaka tabaka la nje linalozitenganisha. Mojawapo ya vipako vinavyotumika sana ni sitrati, ambayo ni ndugu wa asidi inayolifanya limau liwe chachu. Wanafunzi hao walichukua jeni ya protini iitwayo proteorodopsini, ambayo kwa asili imo katika bakteria wa baharini na iligunduliwa mwaka 2000. Protini hiyo hukaa katika ngozi ya bakteria na inaweza kushikana na sitrati. Bakteria aliyepewa jeni hiyo anakuwa amejaa ndoano mwilini mwake, na kila chembe iliyovaa koti la sitrati inayopita jirani inaweza kunaswa.

Njia ya ulimbo haijali koti. Bakteria wengi kwa tabia yao hutengeneza utando mzito unaonata, kama ule utelezi unaojijenga ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Wakaongeza jeni zinazoamrisha bakteria wazalishe utando huo kwa wingi kuliko kawaida. Chembe zinazopita katika maji hunasa humo, sawasawa na ndege wadogo wanaonaswa na vijana kwa utomvu uliopakwa kijitini. Katika vyombo vya maabara, chembe zilipungua majini na kuonekana zimeshikwa na utando.

Namna jeni zinavyoingizwa si siri tena. Bakteria huwa na vipete vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, vilivyo kando ya vinasaba vyake vikuu. Mtaalamu hutengeneza kipete chenye jeni anayoitaka, humshtua bakteria kwa joto au umeme ili akubali kukimeza, kisha huwachuja waliokubali na waliokataa. Kuwachuja huku ndiko msomaji akukumbuke, kwa maana tutakurudia. Aghalabu kipete hicho huwekewa pia jeni ya usugu dhidi ya dawa ya antibayotiki. Dawa ikimwagwa juu ya chombo, anayesalia ni yule aliyemeza kipete.

Habari nyingi za namna hii huishia hapo, kwa picha ya vijana waliovaa makoti meupe na ahadi kwamba mito itakuwa salama. Tuendelee mbele kidogo, hadi kwenye mabwawa yetu.

Mbeya ina mabwawa ya kutibu majitaka Kalobe, na Iringa inayo katika eneo la Don Bosco. Wakazi wengi wa miji hii miwili hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na karo likijaa huitwa gari la kunyonya. Kwa hiyo jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya kufulia ya Mbeya na Iringa haifiki kwenye bwawa lolote. Inaishia mtaroni, uani au kwenye migomba nyuma ya nyumba. Hakuna bakteria wa maabara atakayewekwa bwawani akanasa chembe iliyomwagwa uani.

Kwa majitaka yanayofika, mfumo wa mabwawa ni rahisi na ni wa busara. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu na halina hewa ndani yake, ndipo uchafu mzito unapozama na kuoza. La pili ni la kina kifupi, juu likiwa na mwani wa kijani unaotengeneza hewa kwa nguvu za jua na chini likiwa na giza. Ya mwisho ni mapana na mafupi kwa kina, ambamo mwanga wa jua na siku nyingi za kukaa huua vijidudu vya maradhi. Hakuna mota wala dawa ya kuagiza. Kwa nchi yetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mabwawa ya aina hii na juu ya vitalu vya matete vinavyosafisha maji yanayotoka humo.

Je, mabwawa haya ya kawaida yakikutana na chembe za nano hufanya nini? Swali hili linapaswa kuulizwa kabla ya kuagiza bakteria wa aina yoyote, nalo lina jibu zuri kuliko mtu anavyotarajia.

Nchini Uswisi, watafiti walimwaga chembe za nano za fedha katika mtambo mdogo wa majaribio wa kusafisha majitaka na kufuatilia zilikokwenda. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa sehemu kubwa kabisa ya fedha iliishia katika tope, na iliyotoka na maji ilikuwa kidogo sana. Zaidi ya hapo, takriban fedha yote ilikuwa imegeuka na kuwa salfaidi ya fedha. Kitu hicho huyeyuka kwa shida mno, na kwa sababu hiyo sumu yake hupungua sana.

Sababu ya mgeuko huo inajulikana na pua ya yeyote aliyewahi kupita karibu na bwawa la majitaka lisilo na hewa. Ile harufu ya mayai viza ni gesi yenye salfa. Fedha na salfa hupendana. Ndiyo maana mikufu ya fedha huwa myeusi ikikaa. Bwawa la kwanza katika mfumo kama wetu, ambalo wananchi hulilalamikia kwa harufu, kwa tabia yake ni mahali panapofaa sana kwa fedha kupoteza makali. Bakteria wanaofanya kazi hiyo hawakubadilishwa na mtu yeyote. Wapo, wanazaana bure, na utando wao nao hunasa chembe, ingawa si kwa pupa ya wale wa Taipei.

Si kila chembe itageuka hivyo. Titani dioksaidi haibadiliki; inaingia katika tope ikiwa titani dioksaidi na kubaki hivyo. Hii ndiyo kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyakula mwaka 2022, ilipokuwa ikitumika kama rangi nyeupe kwa jina la E171. Zinki nayo ina mwenendo wake, kwani huyeyuka kwanza na baadaye hushikwa na vitu vingine. Lakini kwa zote mwelekeo ni mmoja: maji yanatoka yakiwa na kidogo, tope linabaki na kingi.

Tukirudi kwa bakteria wa maabara na kuwaweka katika bwawa la Kalobe, yako mambo matatu ambayo yangewasumbua.

La kwanza ni baridi. E. coli wa maabara hustawi vema zaidi kwenye nyuzi joto 37, joto la tumbo la binadamu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa takriban mita 1,600. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya joto la hewa linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mkazi wa Uyole hahitaji kuelezwa hilo na gazeti. Bakteria aliyezoea nyuzi 37 akitupwa katika maji ya namna hiyo hafi papo hapo, ila anazubaa. Hazai kwa kasi wala hatengenezi protini kwa wingi uliokusudiwa.

La pili ni wenyeji. Bwawa si chombo cha kioo kilichochemshwa. Limejaa bakteria waliozoea mazingira hayo kwa miaka, pamoja na vijidudu vinavyokula bakteria na virusi vinavyowashambulia. Mgeni anayebeba mzigo wa kutengeneza ndoano asizozihitaji kwa uhai wake anashindana na wenyeji wasio na mzigo. Mara nyingi hutupa kipete chake au hutoweka. Ili mtego udumu, mtu angelazimika kuwaongeza bakteria wapya kila mara, na hiyo ni gharama isiyokoma kwa mamlaka ya maji ambayo bado inatafuta fedha za kufikisha mabomba mitaani.

La tatu ndilo zito. Tulisema kwamba kipete huja na jeni ya usugu wa dawa. Bakteria wana desturi ya kupeana vipete, hata kati ya jamii tofauti, na majitaka ya mji, yanayochanganya vya nyumbani, vya hospitali na vya machinjio, ni soko la kubadilishana bidhaa hizo. Usugu wa dawa za antibiotiki tayari unawasumbua madaktari wetu. Kumwaga mabilioni ya bakteria wenye jeni hizo bwawani ni kuongeza bidhaa sokoni. Wahandisi wanajua njia za kukwepa: wanaweza kuondoa jeni ya usugu, kufunga jeni mpya katika vinasaba vikuu vya bakteria, au kumwekea bakteria swichi ya kujiua akitoka katika chombo chake. Njia hizo husaidia lakini si kufuli. Katika bakteria mabilioni, hawakosekani wachache ambao swichi yao imeharibika, na hao wachache ndio watakaozaana.

Kwa sababu hiyo, mahali pa bakteria hawa, kama pana mahali, ni ndani ya tangi lililofungwa kwenye kiwanda kinachozalisha chembe zenyewe, ambako majitaka ni ya aina moja, joto linarekebishwa na tope linabaki mikononi mwa mwenye kiwanda. Kuwamwaga katika bwawa la wazi linalotiririkia mtoni ni shauri jingine kabisa. Historia nayo inatoa onyo. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza bakteria mla mafuta ya petroli, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza. Bakteria huyo alikuwa maarufu mahakamani kuliko baharini. Kazi ya kusafisha mafuta yaliyomwagika iliendelea kutegemea zaidi bakteria wa asili.

Upande wa sheria hapa nchini, mlango si mpana. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba mwaka 2003, ikatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004 na kanuni za usalama wa viumbe hao mwaka 2009. Kanuni hizo ziliweka dhima kali kiasi kwamba watafiti walilalamika hawawezi kujaribu chochote, na mwaka 2015 zikarekebishwa ili kuruhusu utafiti. Mwaka uliofuata mahindi ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Serikali ikaamuru majaribio hayo yasitishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza tena kusitisha utafiti wa mbegu za aina hiyo. Ikiwa hindi, ambalo linakaa lilipopandwa, lilishindwa kuvuka uzio wa Makutupora, bakteria wa kuogelea atapata shida zaidi.

Wako watakaosema kwamba tahadhari hii ni woga wa sayansi. Si hivyo, na ushahidi upo hapahapa nchini. Dk Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alibuni chujio la maji linalochanganya mchanga na malighafi za nano, ambalo linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Katika kazi hiyo nano ni mlinzi wa maji. Chembe hizi hazina ubaya wala wema wa kuzaliwa nao. Inategemea zimefungwa wapi na zikitoka zinakwenda wapi.

Na kwa kweli, mtu akimwuliza mwandishi huyu ni metali gani inayopaswa kuwanyima usingizi watu wa Mbeya, hatataja fedha ya soksi. Atataja zebaki ya Chunya. Katika eneo la Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, wachimbaji wadogo wamezoea kutumia zebaki kunasia punje za dhahabu, kisha huichoma na moshi wake kuvutwa na waliokaa jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Huko nako wapo bakteria wa asili wenye jeni za kuikabili zebaki, na wahandisi wamezihamishia jeni hizo hata kwenye mimea. Lakini kinachofanywa na bakteria wengi wa aina hiyo ni kuigeuza zebaki ya majini kuwa mvuke, yaani kuitoa mtoni na kuipeleka hewani.

Kitendawili ni hichohicho kwa chembe za nano. Metali haiozi. Kinyesi huliwa na bakteria kikaisha, sabuni huvunjika, lakini fedha, zinki na titani havina pa kuishia. Bakteria wa Taipei wakifanikiwa kwa asilimia 100, watakuwa wamezitoa chembe majini na kuzitia katika utando wao, na utando huo ukizama unakuwa tope. Bwawa la kawaida bila msaada wa maabara linafanya kazi ileile kwa sehemu kubwa. Katika hali zote mbili mtu anabaki amesimama mbele ya lundo la tope.

Tope hilo lina thamani, na hapo ndipo penye hatari. Mabwawa hulazimika kutolewa tope kila baada ya miaka kadhaa, la sivyo hujaa na kuacha kufanya kazi. Tope likikauka ni jeusi, jepesi, lina naitrojeni na fosforasi. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la mahindi la taifa na mkulima wake anaijua bei ya mbolea kwa uchungu. Hata mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa jijini Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, wakati wa Nanenane ya mwaka 2022, baada ya bei kupanda mno. Mkulima wa mboga anayelima kando ya mkondo wa majitaka hatajiuliza mara mbili akiona mbolea ya bure.

Pengine hakuna ubaya. Salfaidi ya fedha ikiwa katika udongo ni tulivu, na zinki kidogo ni lishe kwa mahindi. Lakini metali inayoongezwa shambani kila msimu haipungui, inajumlishwa. Mvua nayo huichukua. Mto Ruaha Mdogo unaopita Iringa huingia Ruaha Mkuu na kufika Mtera. Maji ya upande wa jiji la Mbeya huelekea Songwe na Ziwa Rukwa. Wavuvi wa huko hawajui chochote kuhusu soksi za mnadani.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinaweka kikomo cha majitaka yanayoruhusiwa kutoka, ikiwamo miligramu 30 kwa lita za kipimo cha oksijeni inayohitajiwa na uchafu, na zina orodha ya metali: zebaki, risasi, zinki, fedha na nyinginezo. Vipimo vyote ni vya uzito. Haviulizi iwapo fedha hiyo ni punje moja au ni kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kuzihesabu chembe za nano zenyewe kunahitaji hadubini ya elektroni na mashine za bei mbaya, jambo ambalo halitarajiwi kwa mamlaka ya maji ya mkoa.

Lakini kupima uzito wa metali katika tope hakuhitaji hayo. Ndoo chache za tope kutoka pembe mbalimbali za bwawa, likaushwe, lisagwe, lichemshwe katika asidi, kisha lipitishwe katika mashine ya kupimia metali ambayo maabara kubwa za nchini zinayo. Namba ya fedha, ya zinki, ya titani, na ya zebaki pia maadamu Chunya ni jirani. Ikiwa ndogo, tope liende shambani kwa amani na habari za bakteria wa ndoano zibaki kuwa simulizi nzuri ya vijana wa Taipei. Ikiwa kubwa, litafutiwe mahali pa kuzikwa, na yaulizwe majina ya wanaoitoa hiyo metali. Wakati wa kuchota ndoo hizo ni kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, tope likiwa limekauka na bado halijapakiwa garini.